Meza Nzima: Seti za Kauri za Sèvres Katika Kasri la Wafalme wa Ufaransa

Sahani moja ya kauri ya Sèvres, kiwanda cha kifalme cha Ufaransa, ikiwekwa peke yake ndani ya kabati la kioo la makumbusho, hupendeza macho lakini haitoi habari kamili. Rangi yake inaonekana, dhahabu ya ukingoni inaonekana, na jina la mfalme aliyeiagiza limeandikwa kwenye kibao kando yake. Kisichoonekana ni makumi ya sahani nyingine zilizofanana nayo, mabakuli ya mchuzi, ndoo za kupozea mvinyo, vikombe vya aiskrimu na visanamu vya katikati, ambavyo vyote vilibuniwa ili viwe kitu kimoja juu ya meza moja. Ninafundisha huduma za mezani katika chuo kimoja cha hoteli hapa Kisumu, na tunapofika kwenye somo la huduma ya Kifaransa huwa naona wanafunzi wakikariri mpangilio bila kujua ulitoka wapi wala kwa nini ulikuwa hivyo. Nayaandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote anayependa vyombo, kwa sababu naamini kwamba utawala wa Ufaransa wa karne ya 18 hauwezi kueleweka vizuri pasipo kuitazama meza yake ikiwa imeandaliwa yote.

Kabla ya kauri kulikuwa na fedha. Louis wa 14, aliyehamishia serikali yake Versailles mwaka 1682, alikula kwenye vyombo vya dhahabu na fedha, na hata baadhi ya meza, vinara na vyungu vya michungwa katika kumbi zake vilikuwa vya fedha. Mwaka 1689, vita dhidi ya muungano wa mataifa ya Ulaya vilipomlemea, aliamuru samani hizo zipelekwe kuyeyushwa na kufanywa sarafu. Mwaka 1709, nchi ikiwa katika vita na njaa iliyofuata baridi kali, makabaila nao walihimizwa kupeleka vyombo vyao. Mwaka 1759, katikati ya Vita vya Miaka Saba, kitukuu chake, Louis wa 15, alifanya vivyo hivyo kwa mara nyingine. Kwa hiyo chombo cha fedha kilikuwa pambo siku za amani na akiba siku za vita. Mwenye nacho alijua kwamba uzito wake ndio thamani yake, na kwamba ufundi wa mfuaji ungepotea siku kitakapotupwa ndani ya kalibu.

Kauri haina akiba ya namna hiyo. Ukiivunja unabaki na vigae, na ukiichoma tena hupati chochote cha kuuza. Thamani yake yote imo katika kazi: katika udongo uliochaguliwa, moto uliolindwa, mkono wa mchoraji na subira ya anayeing'arisha dhahabu. Mfalme anayeweka kauri mezani anawaonyesha wageni wake kwamba anao watu wanaojua jambo ambalo wengine hawalijui. Ndiyo maana, ingawa vyombo vya fedha vya wafalme wa Ufaransa wa zama hizo vimebaki vichache mno, sahani zao za kauri zimetufikia kwa mamia, kwa kuwa hakuna hazina iliyowahi kufaidika kwa kuziyeyusha.

Wachina walikuwa wameijua kazi hii kwa karne nyingi. Sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi wake karibu: bakuli na sahani za Kichina zilifika kwenye miji ya pwani yetu kwa majahazi, na huko Gedi na Lamu zilipachikwa kwenye kuta, kwenye makaburi na kwenye zidaka za nyumba za matajiri, miaka mingi kabla ya Versailles kuwa chochote zaidi ya kijumba cha mfalme cha kuwindia. Ulaya ilizinunua kwa bei kubwa bila kujua zilivyotengenezwa. Siri ilifumbuliwa Saksonia, katika Ujerumani ya leo, mwaka 1708, Johann Friedrich Böttger alipofanikiwa kutengeneza kauri ngumu chini ya ulinzi wa mtawala wake, Augustus Mwenye Nguvu, na mwaka 1710 kiwanda cha Meissen kikaanzishwa. Siri yenyewe ilitegemea udongo mweupe uitwao kaolini, ambao huvumilia moto mkali sana bila kupoteza umbo. Ufaransa haikuwa imeupata udongo huo.

Hapo ndipo habari inapokuwa tamu kwangu, kwa sababu uzuri wa kauri ya Ufaransa ulitokana na upungufu. Mafundi waliokusanyika mwaka 1740 katika ngome ya Vincennes, mashariki mwa Paris, walilazimika kuiga kauri bila kaolini. Walichukua mchanga wa Fontainebleau, shura, chumvi ya bahari, magadi, shabu na jasi, wakavipika pamoja kwa muda mrefu mpaka vikawa bonge linalokaribiana na kioo. Kisha wakalisaga bonge hilo na kulichanganya na chokaa na udongo wenye chokaa. Unga uliopatikana haukushikana vizuri mkononi, hivyo uliongezwa sabuni ili uweze kufinyangika. Chombo kilichomwa mara ya kwanza, kikamiminiwa utando wa kioo wenye madini ya risasi, kikachomwa tena, kisha kikarudi motoni kwa kila rangi iliyohitaji joto lake na kwa dhahabu mwishoni. Katika kila safari ya moto vyombo vingi vilipinda, vilipasuka au viliingia madoa. Lakini vile vilivyonusurika vilikuwa na sifa ambayo Meissen haikuwa nayo: utando wao uliyeyuka kwa joto la chini, rangi zikazama ndani yake badala ya kukaa juu, na jicho linaona kina, wala si rangi iliyopakwa juu tu.

Aliyeipa kazi hii misingi ya kisayansi ni mkemia Jean Hellot, aliyeteuliwa kuisimamia mwaka 1751 na aliyeandika kanuni za udongo na rangi ili zisitegemee kumbukumbu ya fundi mmoja anayeweza kufa au kununuliwa na washindani. Mfua dhahabu Jean-Claude Duplessis, mzaliwa wa Turin, alibuni maumbo, na hilo linaonekana wazi kwenye vishikio vinavyojipinda kana kwamba vimefuliwa. Ujuzi wa kubandika dhahabu ulinunuliwa mwaka 1748 kutoka kwa mtawa mmoja wa Kibenedikto, Bradha Hippolyte. Mwaka 1753 mfalme alikifanya kiwanda kuwa cha kifalme, akachukua robo ya hisa na kukiruhusu kutumia alama ya herufi mbili za L zilizopishana. Viwanda vingine vya Ufaransa vilikatazwa kutumia dhahabu na rangi nyingi. Wafanyakazi nao hawakuwa huru kuondoka wapendavyo, na aliyetoroka na ujuzi aliweza kukamatwa na kufungwa. Mwaka 1756 kazi ilihamia Sèvres, kijiji kilicho njiani kati ya Paris na Versailles, katika jengo la ghorofa lenye urefu wa takriban mita 130, na mwaka 1759 Louis wa 15 akakinunua kiwanda chote.

Kuhamia Sèvres kulitokana kwa kiasi kikubwa na Bibi de Pompadour, kipenzi cha mfalme, ambaye kasri lake la Bellevue lilikuwa jirani. Wengi humwandika kama mwanamke aliyependa vitu vya anasa tu. Mimi namwona kuwa alielewa biashara kuliko mawaziri wengi: alinunua, alishawishi wengine wanunue, na alihakikisha kwamba kitu kipya kilichotoka kwenye tanuri kinaonekana kwanza mahali ambapo watu wenye fedha watakiona.

Seti kubwa ya kwanza ilikuwa ya Louis wa 15 mwenyewe, na iliwasilishwa kwa mafungu kati ya 1753 na 1755. Rangi yake ni ile buluu ya anga inayokaribia firuzi, ambayo Hellot aliitengeneza kwa madini ya shaba, na ndani ya buluu hiyo yameachwa maumbo meupe yenye maua na matunda yaliyozungushiwa dhahabu. Gharama yake ilifikia takriban livre 87,000, livre ikiwa ndiyo fedha ya Ufaransa ya wakati huo. Ili msomaji apate kipimo, kibarua wa Paris katika miongo iliyofuata alipata livre moja au zaidi kidogo kwa siku, na alipoukosa mkate alikosa kila kitu, kwa maana mkate ndio uliokula sehemu kubwa ya mshahara wake.

Sasa tuiandae meza yenyewe. Katika huduma ya Kifaransa ya wakati ule chakula hakikuja sahani moja baada ya nyingine kama tunavyofanya leo mkahawani. Kililetwa kwa awamu, na katika kila awamu vyombo vingi viliwekwa mezani kwa wakati mmoja, kwa ulinganifu kamili, upande wa kushoto ukiwa sawa na wa kulia. Awamu ya kwanza ilikuwa ya supu na nyama za mchuzi: hapo ndipo yalipokaa mabakuli makubwa mawili ya aina tofauti, lile la mviringo lililoitwa pot à oille, kwa ajili ya mchanganyiko wa nyama na mboga wenye asili ya Hispania, na lile refu la duaradufu liitwalo terrine. Kisha meza iliondolewa vyombo vyote, na awamu ya pili ikaja na nyama za kuokwa pamoja na mboga na vitu vidogo vya kati. Mwisho kilikuja kitindamlo, nacho kilikuwa dunia nyingine kabisa, yenye vyombo vyake, visanamu vyake na hata watumishi wake wa jikoni, kwa kuwa waliotengeneza sukari na matunda hawakufanya kazi jiko moja na waliochoma nyama.

Kauri iliingia mezani kupitia kitindamlo. Kwa miaka mingi awamu mbili za mwanzo ziliendelea kuliwa kwenye fedha, na kauri ikangoja hadi matunda na aiskrimu. Jambo hili lina mantiki, kwa sababu kisu cha kukatia nyama hukwaruza dhahabu na rangi, ilhali kitindamlo kinaliwa kwa kijiko na kwa adabu. Seti ya Louis wa 15 ilikuwa na ujasiri wa kufunika karamu yote, kuanzia supu, na hilo ndilo lililoitofautisha.

Naomba msomaji aniruhusu nikae kidogo kwenye ndoo ya aiskrimu, maana ndicho chombo ninachokipenda kuliko vyote. Kwa nje inaonekana kama ndoo ndogo ya maua yenye mfuniko. Ukiifungua unakuta ina sehemu tatu: ndoo yenyewe, bakuli linaloning'inia ndani yake, na mfuniko ambao juu yake una ukingo ulioinuka kama sinia lenye kina. Barafu iliyochanganywa na chumvi ilijazwa chini, bakuli lenye aiskrimu likakaa juu yake, na mfuniko ulipowekwa, barafu nyingine iliwekwa ndani ya ukingo wa mfuniko. Aiskrimu ikawa imezungukwa na baridi chini na juu, na ikaweza kukaa mezani, mbele ya wageni, katika ukumbi uliojaa mishumaa na watu. Mtu anayeishi Kisumu, anayejua joto la Februari linavyolainisha siagi kabla ya chai kuisha, hahitaji kuelezwa thamani ya ubunifu huo. Aiskrimu yenyewe iligawiwa kwenye vikombe vidogo vyenye kishikio kimoja, vilivyopangwa juu ya sinia dogo lenye mguu.

Vivyo hivyo kuna chombo ambacho wanafunzi wangu hukishangaa wanapokiona pichani: bakuli refu lenye ukingo uliokatwa mapengo mapengo. Mapengo hayo ni ya kushikia vitako vya bilauri. Wakati ule bilauri hazikuwekwa mezani mbele ya mgeni. Aliyetaka kunywa alimwashiria mtumishi, akaletewa bilauri iliyokuwa imening'inizwa kichwa chini ndani ya maji baridi, akanywa, na bilauri ikaondolewa kwenda kusafishwa na kurudishwa majini. Chupa nazo zilikuwa na ndoo zao, kubwa kwa mvinyo na ndogo kwa vinywaji vikali. Mambo haya yalibadilika taratibu: kwenye karamu ndogo za faragha, zilizomfurahisha Louis wa 15 baada ya kuwinda, ndoo za bilauri zilisogezwa karibu na wageni ili watumishi wapungue na maneno yasisikike. Huko Choisy, kasri jingine la mfalme, ilifungwa hata meza iliyopandishwa kutoka chini ikiwa na chakula chake, ili chumba kisiwe na mtumishi hata mmoja. Kwa hiyo umbo la ndoo linatuambia nani alikuwa chumbani na nani hakutakiwa kuwemo.

Tofauti na karamu hizo ilikuwa ile desturi ya mfalme kula hadharani, akitazamwa na watu waliosimama, iliyorithiwa kutoka kwa Louis wa 14. Huko fedha na dhahabu ziliendelea kutawala. Kauri ilikuwa ya ukaribu, ya wale walioitwa kwa majina.

Katikati ya meza vilisimama visanamu vya kauri nyeupe isiyo na utando, iliyoachwa kama ilivyotoka motoni, mithili ya marumaru laini. Zamani mapambo ya katikati yalitengenezwa kwa sukari na yaliharibika baada ya karamu. Vincennes ilipoanza kutoa visanamu hivi mwanzoni mwa miaka ya 1750, vingi vikifuata michoro ya mchoraji François Boucher, meza ikapata wachungaji, watoto na wapenzi wasioyeyuka. Kuanzia 1757 mchongaji Étienne-Maurice Falconet ndiye aliyeongoza karakana hiyo mpaka 1766, alipoitwa Urusi. Uamuzi wa kuviacha bila rangi ulikuwa wa busara, kwa kuwa Meissen ilikuwa maarufu kwa visanamu vya rangi, na weupe huu ulikuwa ni njia ya Ufaransa kusimama pembeni na kutoshindana kwa silaha za adui.

Ukiigeuza sahani ya Sèvres, au ukikuza picha ya kisigino chake kwenye simu kama ninavyofanya darasani, unakutana na watu wengine kabisa. Kuna zile herufi mbili za L zilizopishana, kwa rangi ya buluu. Ndani yake mara nyingi kuna herufi ya mwaka: A ni 1753, B ni 1754, na kuendelea hivyo, hadi alfabeti ilipoisha na kuanza upya kwa herufi mbili mbili mwaka 1778. Pembeni kuna alama ndogo, labda nyota, nukta, herufi au mwezi mchanga, ambayo ni sahihi ya mchoraji, na wakati mwingine kuna nyingine ya aliyepaka dhahabu. Kwa kulinganisha alama hizo na daftari za mishahara za kiwanda, ambazo zimehifadhiwa, wataalamu wanaweza kusema ni nani aliyechora waridi hili na ni mwaka gani. Charles-Nicolas Dodin, mchoraji wa watu na visa, anafuatika kwa namna hiyo karibu maisha yake yote ya kazi.

Wanawake wa kiwanda hawana sahihi za kutosha, nami ninalisema hili kwa masikitiko. Huko Vincennes kulikuwa na karakana ya wanawake na wasichana, ikiongozwa na Bibi Gravant, waliofinyanga maua ya kauri petali kwa petali. Maua hayo yalikuwa chanzo kikubwa cha mapato ya kiwanda mwanzoni. Mwishoni mwa miaka ya 1740 binti wa mtawala wa Saksonia, Marie-Josèphe, aliyeolewa na mrithi wa kiti cha Ufaransa, alimpelekea baba yake chombo chenye shada la maua 480 ya Vincennes. Ujumbe ulikuwa wazi kwa mtu aliyemiliki Meissen. Wanawake pia ndio waliong'arisha dhahabu. Dhahabu ikitoka motoni huwa na rangi hafifu kama ya vumbi, na wao waliisugua kwa jiwe gumu au kwa msumari uliochomekwa kwenye mpini, wakiacha sehemu fulani bila kusugua ili jani lipate mishipa na ua lipate kivuli. Nikitazama ukingo wa dhahabu kwenye sahani hizo, kazi ninayoiona kwanza ni hiyo.

Kiwanda kilihitaji wanunuzi, na mfalme akageuka mfanyabiashara. Kuanzia mwaka 1758, kila mwisho wa mwaka, vyombo vipya vya Sèvres vilipangwa katika vyumba vyake binafsi huko Versailles, na makabaila wakaalikwa kutazama na kununua. Ni vigumu kufikiria kabaila aliyetegemea cheo au pensheni kutoka kwa mfalme akitoka humo mikono mitupu. Vyombo vingine vilitolewa zawadi kwa mataifa. Mwaka 1758 Maria Theresa wa Austria alipelekewa seti iliyopambwa kwa tepe za kijani, miaka miwili baada ya Ufaransa na Austria, maadui wa muda mrefu, kuingia mkataba wa urafiki. Mwaka huo huo seti nyingine ilikwenda kwa mfalme wa Denmark. Mwaka 1763, Mkataba wa Paris ulipohitimisha vita na Uingereza, mke wa mjumbe wa Uingereza, Duke wa Bedford, alipewa yake. Nyumba nyingi hapa kwetu zina kabati la vioo sebuleni lenye vyombo vya wageni, na mama mwenye nyumba anajua hasa ni mgeni yupi atakayefunguliwa kabati hilo na yupi atakayepewa kikombe cha kila siku. Louis wa 15 alifanya siasa ya Ulaya kwa hesabu hiyo hiyo.

Mwaka 1768 kaolini ilipatikana hatimaye karibu na Saint-Yrieix, kusini mwa Limoges. Husimuliwa kwamba mke wa daktari mmoja wa upasuaji aliuona udongo huo mweupe akafikiri utamfaa kwa kufulia nguo. Kiwanda kikaanza kutengeneza kauri ngumu, lakini hakikuiacha ile ya zamani isiyo na kaolini, iitwayo kauri laini, kwa kuwa buluu ya anga na rangi nyingine kadhaa hazikukubali kukaa vizuri kwenye udongo mpya. Jambo hilo lilikigharimu sana kiwanda mwaka 1776, Catherine wa Pili wa Urusi alipoagiza seti ya watu 60. Alitaka rangi ya firuzi, na alitaka pambo lake liige vito vya kale vilivyochongwa sura, ambavyo alivikusanya kwa shauku kubwa. Sahani ziliwekwa herufi E, ya jina lake kwa Kirusi, na namba ya pili ya Kirumi. Kauri laini ilipinda na kupasuka, vyombo vingi vikatupwa, na seti ilipokamilika mwaka 1779 bei ilikuwa imepita livre 300,000. Malipo yalizungushwa kwa miaka.

Marie-Antoinette, malkia wa Louis wa 16, aliagiza vyombo vyepesi zaidi, vyenye maua madogo ya buluu ya mashambani na lulu, na kwa ajili ya nyumba yake ya maziwa huko Rambouillet, mwishoni mwa miaka ya 1780, Sèvres ilitengeneza seti ya kunywea maziwa yenye maumbo yaliyoigwa kutoka vyombo vya kale vilivyofukuliwa Italia. Naipita haraka, si kwa kuwa haina uzuri, bali kwa sababu mumewe alikuwa na mradi mkubwa kuliko huo.

Mwaka 1783 Louis wa 16 aliagiza seti ambayo ilipangwa kuchukua zaidi ya miaka 20 kukamilika. Rangi yake ni buluu nzito ya kobalti, na kila chombo kina vidirisha vyenye visa vya miungu na mashujaa wa Wagiriki na Warumi, vilivyochorwa na wachoraji bora wa kiwanda, Dodin miongoni mwao. Kazi iligawanywa kwa miaka, vyombo vichache kila mwaka, na malipo yakafuata. Sahani moja iligharimu hadi livre 480, yaani mshahara wa kibarua kwa zaidi ya mwaka mzima. Ninapoutazama mpango huo sioni ubadhirifu wa pupa. Naona mtu makini, anayependa hesabu na ufundi, anayejipangia karamu ya mwaka 1805 au karibu na hapo, katika nchi ambayo hazina yake ilikuwa inakauka mbele ya macho yake. Mapinduzi yalianza mwaka 1789, na kiwanda kiliendelea kupeleka sahani. Mwaka 1792 ufalme ulifutwa. Mfalme aliuawa tarehe 21 Januari 1793, na seti yake ilikuwa bado haijafika mbali zaidi ya nusu.

Baada ya hapo meza zilitawanyika. Vitu vya Versailles viliuzwa kwa mnada uliodumu takriban mwaka mzima kati ya 1793 na 1794. Sehemu kubwa ya seti ya Louis wa 16 ilinunuliwa mwanzoni mwa karne ya 19 na yule aliyekuja kuwa George wa Nne wa Uingereza, na sasa iko katika kasri la Windsor. Buluu ya anga ya Louis wa 15 imegawanyika kati ya nyumba za makabaila na makumbusho, sahani hapa na ndoo kule. Seti ya Catherine ilipata msukosuko wake mwaka 1837, kasri la St Petersburg liliposhika moto na vyombo vyake vingi vikaibiwa wakati wa kuokolewa. Baadhi vilitokea Uingereza, na sehemu kubwa yake ikanunuliwa tena na kurudishwa. Leo ipo katika makumbusho ya Hermitage, na kama ningepewa nafasi ya kusimama mbele ya seti moja tu, ningechagua hiyo, kwa sababu humo bado unaweza kuona sahani, ndoo ya bilauri, ndoo ya aiskrimu na vikombe vyake pamoja, katika rangi moja, na ukahesabu kwa macho nafasi za wale watu 60.